Dondoo muhimu: Springi za mbele, ubadilishe au uache?

Baiskeli ya toleka inayobeba abiria Kisangani haihitaji uma wa springi. Uzito hukaa nyuma kwenye keria, kwa hiyo lipia kwanza spoki na ringi imara.

Anayeendesha kwa kujifurahisha kwenye njia za msituni, kuelekea Buta au Lubutu, aanze na tairi pana lenye upepo pungufu kidogo: gharama ni ndogo na mikono hupata nafuu siku hiyohiyo.

Una springi tayari? Bana breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma. Beringi za shingo zimekazwa vizuri na uma bado unacheza, au unavuja mafuta? Ubadilishe, kwa urefu na kipimo cha shingo kilekile. Matope huharibu sili za uma haraka. Fundi wako asipopata sili hizo mjini, usinunue uma huo.