Gramu za Kuacha na Gramu za Kubeba: Kuchagua Magurudumu ya Baiskeli ya Milimani

Wengi wanaoanza kuendesha baiskeli za milimani hapa Arusha huniuliza swali lile lile: tairi gani ni jepesi? Swali ni zuri, ila limekatwa katikati. Nusu yake nyingine ni hii: likikufia njiani, utarudije nyumbani? Ukiwa Njiro, pancha ni usumbufu mdogo tu, maana mafundi wamejaa kila kona. Ukiwa kati ya Engaruka na Ziwa Natron, ubavu wa tairi ukichanika saa saba mchana, utatembea kwa miguu juani na chupa mbili za maji ulizopima kwa safari ya kuendesha, si ya kutembea.

Sina ugomvi na wepesi. Tairi jipya nalipima kwenye mizani ya jikoni kabla sijalifunga. Kanuni ninayoifuata ni moja: punguza uzito pale ambapo kitu kikiharibika bado utaendesha, na pale ambapo kikiharibika utatembea, beba gramu zako bila kinyongo. Hapa chini nakwenda kifaa kwa kifaa.

Tuanze na hesabu

Utasikia watu wakisema gramu moja kwenye gurudumu ni sawa na mbili kwenye fremu. Kuna ukweli hapo, lakini ni wakati wa kuongeza mwendo tu. Kilichoko ukingoni mwa gurudumu kinasonga mbele na papo hapo kinazunguka, kwa hiyo kukifikisha kwenye kasi kunadai nguvu karibu maradufu. Ukishashika mwendo wako, mathalani unapanda kutoka Ngaramtoni taratibu kwa saa nzima, gramu ya tairi ni sawasawa na gramu ya maji yaliyomo kwenye chupa. Mlima hauulizi uzito umekaa wapi.

Chukua mtu wa kilo 75, baiskeli ya kilo 13, maji na vifaa kilo 2. Jumla kilo 90. Sasa mwongezee gramu 450, ambazo zinaweza kuwa tofauti ya jozi ya matairi ya mbio na jozi yenye ubavu mgumu zaidi. Hiyo ni nusu asilimia. Kwenye mlima mkali wa saa moja atachelewa kama sekunde 18. Kutoa gurudumu, kutafuta mwiba, kuweka tyubu na kupiga pampu ya mkono hadi tairi likae kunakula dakika 10 hata kwa mzoefu. Pancha moja, basi, inameza faida ya zaidi ya saa 30 za kupanda.

Hata hivyo usikimbilie tairi zito kuliko yote dukani. Ugumu nao una bei yake: kitambaa kinene kinameza nguvu kila tairi linapobonyea ardhini, na kwenye njia yenye kona nyingi, unapofunga breki na kuchochea tena kila mara, ule uzito maradufu unaulipia kila kona.

Tairi na maadui wake wawili

Kwa baiskeli ya inchi 29, tairi la mbio lenye upana wa 2.2 hadi 2.4 huwa na gramu 600 hadi 750 hivi. La matumizi ya kati lina 850 hadi 1,000. La mteremko mkali hupita 1,200. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo haiko kwenye meno, iko kwenye kitambaa na mpira wa ubavuni. Tairi la mteremko lina ubavu wa matabaka mawili ya kitambaa, wakati la mbio lina moja.

Kwa sababu hiyo jina la tairi peke yake halikuambii kitu. Maxxis wanatoa tairi lile lile kwa ubavu wa EXO, EXO+, DoubleDown au DH. Schwalbe wana Super Race, Super Ground, Super Trail, Super Gravity na Super Downhill. Kadiri orodha inavyoendelea ndivyo ubavu unavyokuwa mgumu na mzani unavyopanda. Soma maandishi madogo ubavuni kabla hujatoa hela. Namba ya TPI, yaani nyuzi kwa kila inchi, nayo inasaidia: 120 ni nyuzi nyembamba na tairi laini linalobonyea vizuri juu ya mawe, 60 ni nyuzi nene zinazostahimili zaidi mikato. Kama maandishi yamefutika, ubane ubavu kwa kidole gumba na cha shahada. Ukikunjika kama kola ya shati, hilo si tairi la kwenda nalo Natron.

Huku kwetu tairi lina maadui wawili, na kila mmoja anadai silaha yake.

Wa kwanza ni mwiba. Mwiba wa mgunga ni mweupe, umenyooka, mrefu, na hauogopi tairi la baiskeli la aina yoyote. La gramu 1,200 utalitoboa kama ulivyolitoboa la 650. Njia zinazopita karibu na maboma ya Wamasai ndizo mbaya zaidi, kwa sababu matawi ya miiba yanayozungushiwa zizi hukokotwa njiani na kuacha vipande. Halafu kuna miiba ya mbigiri, midogo, mingi, unaipita bila hata kuiona. Dhidi ya mwiba, unene ni kupoteza fedha. Silaha yake ni dawa ya maji ndani ya tairi lisilo na tyubu.

Wa pili ni jiwe. Mawe ya volkano yana kingo kali, na yanakata ubavu, mahali pasipo na meno. Mkato wa nusu inchi dawa haiuwezi. Itamwagika yote huku unaitazama. Silaha ya jiwe ni kitambaa, na hapo ndipo gramu zako zinapopata kazi.

Ukilielewa hilo, umemaliza nusu ya ununuzi. Anayepita kwenye miiba tupu, tambarare za Monduli kwa mfano, anaweza kutumia tairi jepesi lenye dawa ya kutosha. Anayeshuka kwenye mawe ndiye anayehitaji ubavu mgumu.

Tyubulesi: wepesi na uimara kwa pamoja

Mwaka 1999 Mavic, pamoja na Hutchinson na Michelin, walileta mfumo wa UST, tairi la baiskeli ya milimani linalofungwa bila tyubu. Tangu hapo mambo yamerahisishwa sana, na leo ringi nyingi za kisasa zinakubali kufungwa hivyo. Tyubu ya kawaida ya inchi 29 ina gramu 200 hivi. Dawa ya mililita 100 ni kama gramu 100. Unapunguza uzito na papo hapo unapata kinga dhidi ya miiba. Kwenye gurudumu zima, ni mahali pachache utapata vyote viwili kwa pamoja.

Faida nyingine ni upepo. Ukiwa na tyubu na upepo mdogo, jiwe litaibana tyubu kati yake na ringi na kuiachia matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Kulikwepa hilo unajaza PSI 30 au zaidi, na baiskeli inaanza kurukaruka. Bila tyubu, mtu wa kilo 75 mwenye tairi la 2.4 anaweza kwenda na PSI 24 hivi nyuma na 21 au 22 mbele. Nunua kipimo cha upepo kinachoaminika, kwa sababu kwenye viwango hivi PSI 2 zinatambulika, na kubonyeza kwa kidole hakutakuonyesha.

Ukichomwa, usichomoe mwiba kwa pupa. Simama, zungusha gurudumu hadi tundu liwe chini ili dawa ikusanyike hapo, ndipo uchomoe. Utasikia mfyonzo, utaona mapovu meupe, halafu povu linaganda na kukaa kimya. Zungusha mara chache, ongeza upepo, endelea. Tundu likikataa, chomeka kijikamba cha kuzibia, kama cha tairi za magari ila chembamba.

Shida ya dawa ni kwamba inakauka, na joto letu linaiharakisha. Wakati wa kiangazi likague tairi kila baada ya mwezi mmoja au miwili: litikise gurudumu karibu na sikio, na usiposikia kitu kikicheza ndani, ongeza. Kwenye begi weka tyubu moja ya akiba. Zile za plastiki nyembamba za TPU zina chini ya gramu 100 na zinakunjika hadi kuingia kiganjani. Hapo ndipo wepesi unapokuwa na maana, kwa sababu ni kitu unachokibeba kila siku na kukitumia kwa nadra.

Jambo la mwisho kuhusu tairi: mbele na nyuma si lazima zifanane. Gurudumu la nyuma linabeba uzito zaidi, na linagonga mawe ambayo la mbele umekwisha kulirusha juu yake. Weka ubavu mgumu nyuma. Mbele weka ubavu mwepesi kidogo, lakini wenye meno makubwa, kwa maana tairi la mbele likiteleza unaanguka.

Ringi: itakayonyooshwa au itakayopasuka

Ringi ya kaboni ni nyepesi na haibonyei kirahisi. Ikipigwa kupita kiasi, inapasuka, na hakuna fundi mtaani atakayeirudisha. Ringi ya aluminiamu inabonyea mdomo mapema zaidi, lakini mdomo uliobonyea utaurudisha kwa spana malaya, polepole, hadi tairi lishike tena upepo. Haitapendeza, ila utafika. Kwa hiyo kwa sisi ambao ringi mpya inaagizwa kutoka nje na kusubiriwa, aluminiamu yenye upana wa ndani wa milimita 28 hadi 30 inatosha. Kaboni ni ya mtu mwenye ringi nyingine ya akiba stoo.

Spoku na nipeli

Baiskeli za zamani za Kiingereza, na za Kihindi na Kichina zilizoziiga, zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Walijua mzigo unakaa wapi: gunia la mkaa halikai kwenye usukani. Baiskeli za milimani za sasa nyingi zina 28 au 32 kila gurudumu. Kama una zaidi ya kilo 80, au unasafiri na mizigo, dai 32 nyuma. Spoku 4 za ziada na nipeli zake ni kama gramu 30 tu.

Kuna jambo watu wengi hawaliamini hadi waonyeshwe: spoku iliyopunguzwa unene katikati, milimita 2 nchani na 1.8 kati, ni nyepesi na pia hudumu zaidi ya ile nene mwili mzima. Sehemu nyembamba inanyumbulika kidogo na kuipunguzia mkazo shingo iliyoingia kwenye habu, mahali ambapo spoku nyingi hukatikia. Mhandisi Jobst Brandt alilieleza hili kwa kina kwenye kitabu chake cha mwaka 1981, The Bicycle Wheel. Spoku hufa kwa kuchoka, kwa kulegezwa na kukazwa kila gurudumu linapozunguka, na gurudumu lililokazwa vizuri linachoka polepole.

Kwa hiyo kazi ya fundi ina uzito kuliko bei ya kifaa. Mzee mmoja mtaani kwetu hupitisha ukucha kwenye spoku moja baada ya nyingine, macho ameyafumba, akisikiliza. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini. "Inayodanganya, kijana wangu," akanijibu, akashika moja iliyolia chini kuliko wenzake. "Hii hapa. Wenzake ndio wanaoibeba." Nawe unaweza kufanya hivyo nyumbani. Spoku za upande mmoja wa gurudumu zikilia karibu sauti moja, uko salama. Pande mbili za gurudumu la nyuma hazitalingana, hilo ni la kawaida.

Nipeli za aluminiamu kwa magurudumu mawili zinapunguza kama gramu 40. Zinakula kutu zikikutana na chumvi, hasa kwa wanaokaa Tanga, Mombasa au Zanzibar, na zikishika hazifunguki, zinapasuka. Chukua za shaba. Hizo ni gramu 40 za kubeba bila kufikiria mara mbili.

Angalizo la vipimo

Kabla ya kununua mtumba, tazama namba ndogo ya milimita kwenye tairi. Inchi 26 ni 559, 27.5 ni 584, na 29 ni 622. Baiskeli ya mzigo ya Finiksi, ya inchi 28, ni 635, maana yake "28" ya mzigo ni kubwa kuliko "29" ya milimani, na tairi lake halitakaa. Kama unakwenda mbali na miji, 26 bado ina sifa moja: spoku zake fupi zinalifanya gurudumu kuwa gumu, na tyubu zake huenda ukazipata hata kwenye duka la kijijini.

Fedha ikiwa ndogo

Anza na dawa na kufunga bila tyubu. Fuata na tairi la nyuma lenye ubavu mgumu. Kisha mlipe fundi mzuri akukazie spoku upya, hata kama ringi ni zile zile. Ringi nyepesi ziwe za mwisho kabisa kwenye orodha.

Ukitaka na kushindana, usinunue jozi mbili tofauti za magurudumu. Jenga jozi moja imara ya aluminiamu, spoku 32, nipeli za shaba, na uwe na jozi mbili za matairi: ngumu kwa safari, nyepesi kwa mashindano. Kubadilisha ni kazi ya jioni moja na kikombe cha dawa. Gramu nyingi utakazotaka kuzipunguza ziko kwenye tairi hata hivyo, na tairi likichanika kwenye mashindano kuna gari la kukurudisha.