Beseni la Bure: Je, Ni Faida au Hasara?



Tulipokuwa tukikagua daftari la kikundi chetu tuligundua jambo. Kwa miezi sita tumekuwa tukikusanya lebo za sabuni ya mche. Ukirudisha lebo 24 dukani, unapewa beseni bure. Tulifurahi kweli! Halafu mweka hazina akachukua kalamu:

Sabuni yenye lebo: sh. 190
Sabuni nyingine, uzito ule ule: sh. 170
Tofauti: sh. 20
Lebo 24 x sh. 20 = sh. 480
Beseni kama hilo sokoni: sh. 250

Kumbe kila beseni la "bure" lilitupotezea sh. 230. Wanne wetu walipata beseni, kwa hivyo sh. 920 zilikwenda hivi hivi. Wengine walichelewa, muda ukaisha, wakabaki na lebo mkononi.

Basi tuache kukusanya? La. Tukusanye kwa akili:

1. Nunua kile ambacho ungenunua hata bila zawadi. Kama bei ni ile ile, lebo ni faida. Itunze.

2. Soma tarehe ya mwisho na mahali pa kurudisha lebo. Nauli nayo ni gharama.

3. Kusanyeni pamoja. Watu 12 wakileta lebo mbili mbili, tayari ni 24. Ziandikwe daftarini kama pesa, zitunzwe na mtu mmoja.

4. Nambari za kukwangua au zilizo ndani ya kifuniko cha soda mara nyingi ni za bahati nasibu. Bahati si akiba. Tena, mtu akipiga simu ati umeshinda, utume pesa kwanza au umpe PIN ya M-Pesa, huyo ni mwizi. Kata simu.

5. Nambari ya kukwangua kwenye pakiti ya mbegu si ya zawadi. Ni ya KEPHIS. Itume kwa 1393 ujue kama mbegu ni halali kabla ya kupanda. Hapo unaokoa msimu mzima.

Maswali ya kujadili

a) Ni bidhaa gani tunanunua kwa sababu ya zawadi tu?
b) Bila zawadi, tungeweka akiba kiasi gani kwa mwezi?
c) Nani atatunza lebo zetu?

Kabla ya kufunga mkutano someni Luka 14:28, habari za mtu aliyetaka kujenga mnara. Hata beseni lahitaji kuhesabiwa gharama.