Taa Isiyo na Kivuli

Ndanda iko chini ya uwanda wa juu wa Makonde, kando ya barabara ya Mtwara hadi Masasi. Wabenediktini walianzisha misheni yao hapo mwaka 1906, na Hospitali ya Mtakatifu Benedikto hupokea wagonjwa kutoka Masasi, Newala na kwingineko. Katika chumba chochote cha upasuaji, kichwa na mikono ya daktari hukaa kati ya taa na jeraha. Kivuli kikiuficha mshipa unaovuja damu, uhai wa mgonjwa umo hatarini. Tatizo hilo hutatuliwaje?

Mfano wa mkorosho

Siku ya jua kali, kivuli cha shina la mkorosho huwa cheusi na kingo zake ni dhahiri. Siku ya mawingu, kivuli hicho karibu hutoweka, ingawa mwanga upo. Sababu ni kwamba jua huonekana kama duara dogo, ilhali mawingu huleta mwanga kutoka pande zote za mbingu.

Hesabu ya kivuli

Tuseme taa iko sm 100 juu ya jeraha, na ngumi yenye upana wa sm 10 iko sm 30 juu ya jeraha. Chanzo cha mwanga kikiwa nukta moja, kivuli kitakuwa na upana wa 10 × 100 ÷ 70, yaani sm 14 hivi. Taa ikiwa na kipenyo cha sm 60, kivuli kizito hupungua na kwisha sm 14 chini ya ngumi (70 × 10 ÷ 50). Jeraha hupata kivuli hafifu tu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mfaransa Louis Verain alitumia kanuni hiyo kwa kuzungushia globu moja vioo vingi vilivyoelekeza mwanga mahali pamoja.

Nguvu, rangi na joto

Kanuni za kimataifa hutaka taa kubwa ya upasuaji itoe mwanga wa luksi 40,000 hadi 160,000 katikati ya eneo la kazi. Jua la adhuhuri hutoa 100,000 hivi. Rangi nyekundu sharti ionekane sawasawa, ili daktari atofautishe damu na nyama. Globu za zamani zilitoa joto jingi lililokausha jeraha. Diodi za siku hizi hupunguza joto hilo na hutumia umeme kidogo. Kwa hiyo umeme ukikatika, betri huweza kuziwasha kwa muda mrefu zaidi.

Jaribio na swali

1. Simamisha penseli mbele ya ukuta mweupe gizani, uimulike kwa mshumaa mmoja, kisha kwa mitano iliyopangwa mstari. Kwa nini kila kivuli sasa ni hafifu?

2. Katika hesabu ya hapo juu, je, taa yenye kipenyo cha sm 20 ingefaa?