Feni, Moto na Hewa ya Chumbani: Somo la Jiko Ndani ya Nyumba

Zegereni, katika Mji wa Kibaha mkoani Pwani, ni eneo linalojulikana kwa viwanda vyake. Kama ilivyo katika vitongoji vingi vya Kibaha na Kisarawe, familia nyingi hupika kwa kuni au mkaa, na feni ya mezani ni kifaa cha kawaida penye umeme. Vitu hivi viwili, moto na feni, hukutana chumbani kwa namna ambayo mara nyingi haifikiriwi sana. Somo hili linaeleza kinachotokea vinapokutana, na kwa nini jambo hilo linamhusu mgonjwa, mzazi na mhudumu wa afya.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala hii, msomaji aweze:
1. kueleza jinsi joto la jiko linavyosambaa nyumbani na kazi ya feni katika usambazaji huo;
2. kutofautisha jiko lenye dohani na jiko linalotoa moshi wake chumbani;
3. kutambua dalili za sumu ya kaboni monoksaidi na kuchukua hatua za mwanzo;
4. kumshauri mzazi njia salama ya kumpa mtoto mchanga joto.

Joto husafirije?

Joto la jiko hutoka kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni mnururisho: anayeketi karibu na moto huhisi joto usoni hata kama hewa iliyo kati yake na jiko ni baridi. Ya pili ni mwendo wa hewa. Hewa iliyopashwa moto huwa nyepesi, hupanda hadi darini, na hewa baridi iliyo nzito hubaki sakafuni. Ndiyo maana katika nchi za baridi chumba chenye jiko huweza kuwa na joto la kukera huku chumba cha pili kikiwa baridi.

Katika nchi hizo, nyumba nyingi zina majiko ya chuma ya kuni yaliyofungwa, na moshi wake wote hutoka nje kwa dohani. Hapo feni ina manufaa. Njia inayofaa zaidi ni kuiweka chini, katika chumba baridi, ikisukuma hewa nzito kuelekea chumba chenye jiko. Hewa hiyo inapoingia, hewa ya moto iliyo darini hulazimika kutoka kupitia sehemu ya juu ya mlango na kwenda kwenye chumba baridi. Hata huko kuna tahadhari: feni yenye nguvu inayovuta hewa kutoka ndani kwenda nje, nyumba ikiwa imefungwa, huweza kuuvuta moshi wa dohani urudi chumbani.

Feni husogeza hewa, haiibadilishi

Kanuni ya msingi ya somo hili ni moja: feni husambaza kila kilichomo hewani. Hewa ikiwa safi na yenye joto, husambaza joto. Hewa ikiwa na moshi, husambaza moshi. Mafiga matatu na jiko la mkaa havina dohani, hivyo kinachozalishwa na moto hubaki chumbani mpaka kipate njia ya kutoka. Feni inayozunguka katika chumba kilichofungwa huutawanya moshi ukawa mwepesi machoni, na aliye ndani akadhani umeondoka, ilhali bado anauvuta.

Moshi wa kuni una chembe ndogo sana, zenye upana wa mikromita 2.5 au pungufu, yaani takriban sehemu moja ya 30 ya upana wa unywele. Chembe hizi hufika ndani kabisa ya mapafu, na baadhi huingia katika damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 5 za chembe hizo katika mita moja ya ujazo ya hewa. Jiko la kuni lisilo na dohani, ndani ya chumba kidogo, huupita mpaka huo mara nyingi sana. Kwa makadirio ya shirika hilo, uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Nimonia kwa watoto, kiharusi, maradhi ya moyo, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa na mtoto wa jicho ni miongoni mwa madhara yake.

Hatari isiyo na harufu

Wengi huogopa moshi kwa sababu unawasha macho. Jiko la mkaa uliokwisha kukolea halitoi moshi mwingi, kwa hiyo huonekana kuwa salama na huingizwa ndani. Hapa ndipo kosa linapoanzia. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kwa wingi kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala mwasho. Uzito wake unakaribiana na ule wa hewa, hivyo huchanganyika chumba kizima. Anayelala sakafuni hajaikwepa, wala anayelala kitandani.

Gesi hii hujishikiza kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 hadi 250. Damu hubaki nyekundu, moyo huendelea kupiga, lakini ubongo na misuli hukosa oksijeni. Kwa mama mjamzito hatari ni maradufu, kwa kuwa gesi hupita kwenye kondo la nyuma, na mtoto aliye tumboni huchukua muda mrefu kuliko mama yake kuiondoa mwilini.

Chumba cha mzazi: mfano wa kufundishia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo. Mama amejifungua siku nne zilizopita. Ni msimu wa masika, mvua imenyesha mchana kutwa, na bibi wa mtoto anahofia mzazi na mjukuu watapigwa na baridi. Jiko la mkaa uliokolea linaingizwa chumbani. Dirisha linafungwa na khanga inazibwa chini ya mlango. Kwa kuwa joto limejikusanya upande mmoja, feni inawashwa taratibu, imeelekezwa ukutani, ili joto lifike kitandani. Baada ya saa mbili mama analalamika kichwa kinamuuma na anasikia kichefuchefu. Bibi naye anahisi kizunguzungu. Mtoto amelala mno na hataki kunyonya.

Nia ya bibi ni njema, wala haipaswi kudharauliwa, maana mtoto mchanga kweli hupoteza joto haraka. Kilichokosewa ni njia. Feni imelifikisha joto kitandani, na imeifikisha sumu pia. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha, feni husimama lakini moto huendelea kula oksijeni ya chumba.

Kinachopasa kufanyika mara moja:
1. Watoeni watu wote nje penye hewa safi, mkianza na mtoto na asiyejiweza. Mwokoaji asikae ndani.
2. Fungueni milango na madirisha, kisha toeni jiko nje ikiwa inawezekana bila kujihatarisha.
3. Asiyepumua aanzishiwe huduma ya kuokoa maisha na anayeifahamu.
4. Wapelekeni wote kituo cha afya, hata aliyepata nafuu, na hasa mjamzito na mtoto. Semeni wazi kwamba jiko lilikuwa ndani.

Kwa mhudumu wa afya

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kutapika na uchovu hufanana na dalili za malaria, na katika mkoa wa Pwani fikra huelekea huko kwanza. Mambo manne yamfanye mhudumu ashuku kaboni monoksaidi: mgonjwa hana homa na kipimo cha malaria ni hasi, watu zaidi ya mmoja wa nyumba moja wameugua kwa wakati mmoja, dalili hupungua wakitoka nje, na kulikuwa na moto au jenereta karibu. Swali la kuuliza ni fupi: “Jana usiku jiko lilikuwa wapi?”

Kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kisiaminiwe hapa. Vifaa vingi vya aina hiyo haviwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksaidi, hivyo huonyesha namba nzuri kwa mgonjwa aliye hatarini. Oksijeni ya kiwango cha juu ianzishwe kwa kushuku tu, kwa barakoa yenye mfuko. Katika hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huondoka kwenye damu kwa muda wa saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni tupu muda huo hupungua na kuwa takriban saa moja na nusu. Aliyepoteza fahamu, mjamzito, mwenye maumivu ya kifua na mtoto mchanga wapewe rufaa huku oksijeni ikiendelea.

Joto salama kwa mtoto mchanga

Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzi 25 za selisiasi au zaidi. Katika ukanda wa Pwani mchana wa kawaida hufikia kiwango hicho bila moto wowote. Usiku wa mvua au wa Julai, njia bora ni mwili wa mama wenyewe: mtoto akaushwe vizuri, avishwe kofia na soksi, awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe pamoja. Asiogeshwe katika saa 24 za kwanza, na anyonyeshwe mara kwa mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kuwa watoto wenye uzito mdogo walioanzishiwa huduma hii mapema baada ya kuzaliwa walikuwa na vifo pungufu kwa robo, wakilinganishwa na walioianza baada ya hali yao kutulia. Maji ya kumkandia mzazi yachemshwe nje, yaingizwe yakiwa ndoonina moto ubaki uani.

Kutumia feni ipasavyo penye jiko

Familia inayolazimika kupika ndani ifuate yafuatayo:
- Feni iwekwe dirishani ikitazama nje, itoe hewa chafu, na mlango au dirisha la upande wa pili liwe wazi ili hewa safi iingie.
- Matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta yasizibwe, kwa kuwa hewa ya moto na moshi hutokea huko.
- Feni isielekezwe motoni: hurusha cheche na majivu, nao waya wake waweza kuungua.
- Kuni ziwe kavu, na watoto wasikae jikoni wakati wa kupika.
- Kamwe jiko linalowaka lisiachwe katika chumba cha kulala, feni iwepo au isiwepo.

Hatua hizi hupunguza madhara bila kuyamaliza. Suluhisho la kudumu ni nishati safi ya kupikia. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 hadi 2034 umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kuitumia ifikapo mwaka 2034. Hadi hapo, jiko likae uani au bandani penye hewa, na mtoto akae kifuani mwa mama.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini feni inafaa katika nyumba yenye jiko la dohani lakini ni hatari penye jiko la mkaa?
2. Mgonjwa ana oksijeni ya asilimia 98 kidoleni, lakini nyumba nzima inaumwa kichwa. Utafanya nini?
3. Utamwelezaje bibi, kwa heshima, kwamba jiko litoke chumbani na mjukuu asipate baridi?