Majani Yanayonata: Mtafute Mdudu Kabla ya Kununua Dawa

Umepangusa vumbi kwenye ua la barazani na kidole kimenata. Sakafu chini ya chungu inanata pia, na sisimizi wamepanga mstari kwenye shina. Wengi hudhani ni utomvu wa mmea uliovuja, wakamwagia maji na kuendelea na shughuli zao. Wiki chache baadaye majani yanageuka manjano na kupukutika.

Mara nyingi kunata huko ni kinyesi cha wadudu. Maji ya mmea yana sukari nyingi na protini kidogo, kwa hivyo mdudu anayeyafyonza hunywa kupita kiasi ili apate protini, kisha sukari iliyozidi huitoa kama matone. Matone huangukia majani ya chini. Ndiyo sababu jani linalonata laweza kuwa halina mdudu hata mmoja: mkosaji yuko juu yake. Ikiwa chungu kiko chini ya mwembe, kagua mwembe kwanza, kwa maana huenda ua lako halina kosa lolote.

Geuza majani na uangalie upande wa chini, kwenye vifundo na penye machipukizi. Mafungu meupe kama pamba ni vidung'ata. Vijidudu laini vya kijani au vyeusi vilivyosongamana kwenye chipukizi ni vidukari. Ukitikisa mmea na vijidudu vyeupe vikaruka, hao ni nzi weupe. Wanaowadanganya watu zaidi ni wadudu magamba, kwa sababu hawatembei na wanafanana na vipele vya kahawia vya shina lenyewe. Kwangua kipele kwa ukucha: kikibanduka chote na kuacha unyevu, umempata.

Masizi meusi yanayotanda juu ya majani ni ukungu unaoota kwenye ile sukari. Hauingii ndani ya jani, ila hulizuia kupata mwanga. Hauhitaji dawa ya ukungu. Wadudu wakiisha, utaupangusa kwa kitambaa chenye maji.

Tiba huanza kwa kutenga chungu mbali na vingine kwa muda wa wiki tatu hivi. Kata matawi yaliyoshambuliwa sana, kisha osha mmea kwa maji yenye nguvu kiasi. Vidung'ata na wadudu magamba wanavaa nta, kwa hivyo waguse mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa spiriti. Halafu changanya kijiko kidogo kimoja au viwili vya sabuni ya maji katika lita moja ya maji. Jaribu kwenye jani moja na usubiri siku moja. Lisipoungua, nyunyizia mmea wote, hasa chini ya majani, asubuhi mapema au jioni. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, huunguza majani. Sabuni haiui mayai, na hapa ndipo watu wengi hushindwa: hunyunyizia mara moja, wakaona mabadiliko, wakaacha. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba, angalau mara tatu.

Sisimizi nao wana neno. Hula ile sukari na kuwafukuza wadudu wanaowala vidukari, wakiwemo wale wa mviringo wekundu wenye madoa meusi. Weka chungu juu ya mawe ndani ya sinia la maji ya sabuni, kama miguu ya kabati la chakula ilivyokuwa ikisimamishwa ndani ya mikebe ya maji.

Tunaomba kwa dhati: usichukue dawa iliyobaki shambani ukainyunyizia sebuleni. Dawa nyingi za shambani hazikukusudiwa chumba kilichofungwa, na mtoto anayetambaa hugusa sakafu kisha hutia mkono kinywani. Dawa iliyopimwa kwa macho kwenye chupa ya soda ni hatari zaidi, kwa kuwa hakuna anayejua tena ni nini. Ukilazimika kununua, nunua iliyosajiliwa na bodi ya PCPB, yenye lebo inayoruhusu matumizi ya ndani.

Mmea ukishindikana, ufunge ndani ya mfuko kabla ya kuutupa. Usiurushe nyuma ya ua. Kidung'ata wa mpapai, mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, alithibitishwa Kenya mwaka 2016 akianzia Pwani, na haishii kwenye mpapai. Hushambulia pia muhogo, nyanya na maua ya haibiskasi ambayo wengi wetu tumepanda langoni. Chungu kimoja kilichotupwa vibaya chaweza kumfikisha kwenye shamba la jirani.

Usipomtambua mdudu, tia majani mawili matatu ndani ya mfuko unaoonyesha, ufunge vizuri, umpelekee afisa wa kilimo wa wadi yako. Mweleze pia ulichokwisha kunyunyizia.