Elimu kwa Umma: Kuchagua Mafunzo ya Ufundi wa Bunduki

Baadhi ya vijana wenye kipaji cha kufua chuma hutamani kuwa mafundi wa bunduki. Ikumbukwe kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza silaha bila leseni. Kuunda gobore kijijini ni kosa la jinai. Aidha, bomba la maji likifanywa mtutu haliwezi kuaminika kuhimili nguvu ya baruti, na huweza kumpasukia mtumiaji usoni.

Njia salama huanzia kwenye ufundi wa mitambo, unaofundishwa katika vyuo vya VETA na vinginevyo. Mwanafunzi hujifunza kusoma michoro, kupiga tupa, kukereza chuma na kupima kwa mikromita hadi sehemu ya mia ya milimita. Stadi hizo humfaa viwandani na kwenye karakana, hata asipopata leseni ya silaha.

Kabla ya kulipa ada, mzazi na kijana wahakikishe mambo matatu: chuo kimesajiliwa na NACTVET, mashine za karakana zinafanya kazi, na ratiba inatenga muda wa kutosha wa mafunzo kwa vitendo. Cheti cha chuo kisichosajiliwa hakitambuliki, na ada iliyokwisha kulipwa ni vigumu kurudishwa.