Jumanne: Kabla ya Kutahiriwa

Soma Warumi 4:9-12. Kwa nini Paulo anauliza ni wakati gani Ibrahimu alihesabiwa haki?

Wayahudi walimheshimu Ibrahimu kama baba wa waliotahiriwa. Paulo anawaelekeza kwenye mpangilio wa kitabu cha Mwanzo. Kwanza Ibrahimu alimwamini Bwana, akahesabiwa haki (Mwanzo 15:6). Kisha Ishmaeli akazaliwa, baba yake akiwa na miaka 86 (Mwanzo 16:16). Alipotahiriwa alikuwa na miaka 99 (Mwanzo 17:24). Kwa muda wote huo, Ibrahimu alikuwa mwenye haki mbele za Mungu bila alama yoyote mwilini mwake.

Basi, tohara ilikuwa muhuri wa haki aliyokwisha kuipokea, wala si bei ya kuinunua. Vivyo hivyo, utoaji wa zaka na utunzaji wa Sabato ni matunda ya imani. Anayeugeuza mpangilio huu hulala kila usiku na hofu, asijue kama ametenda ya kutosha.

Ni jambo gani unalotenda ili Mungu akukubali? Ungelitendaje kama ungeamini kwamba amekwisha kukukubali katika Kristo?